Helmeti Iliyofika Wodini Ikiwa Nzima

Haya ni maneno niliyowaambia madereva bodaboda Jumamosi iliyopita kwenye uwanja wa shule, huku Kimara, Dar es Salaam. Wengi hamkuja kwa sababu Jumamosi ndiyo siku yenye hela, mkaniomba niyaandike. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, pamoja na utani wake.

Asalaam alaikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Naona kuna walioitikia zote tatu. Mpo vizuri, dereva hachagui dini ya abiria.

Mheshimiwa mtendaji wa kata, afande wa usalama barabarani, wenyeviti wa vijiwe, matajiri wenye pikipiki, ambao nimewahesabu ni watatu tu na wamekaa nyuma kabisa karibu na geti, na ninyi wanangu madereva: asanteni kwa kunialika. Mimi ni muuguzi. Nipo wodi ya mifupa mwaka wa 17 huu. Nimekuja hapa kwa bodaboda, nauli buku mbili, na kijana aliyenileta yupo, asijifiche. Nilipomuuliza helmeti ya abiria iko wapi alinijibu, "Mama, si karibu tu hapo?"

Karibu tu hapo. Maneno hayo yawekeni mfukoni, tutayahitaji.

Hebu nyoosheni mikono. Nani kaja leo na helmeti? Wengi, vizuri. Nani helmeti yake ina mkanda unaofunga kidevuni, haujakatika, haujafungwa kwa mpira wa tairi? Mbona mikono inashuka? Nani ana helmeti mbili, yake na ya abiria? Mmoja, wawili... wanne. Uwanja mzima huu, wanne. Haya, shusheni.

Mmezoea kuitwa kwenye mikutano ya namna hii na kuambiwa kwamba mna fujo, hamna akili, mnachomekea. Sitaanzia huko. Nataka kuanzia kwenye hesabu, kwa sababu ajali nyingi ninazozipokea hazikuanzia barabarani. Zilianzia kwenye hesabu.

Kijana mmoja aliletwa kwetu saa tano usiku. Mguu wa kulia, mfupa wa ugoko umetoka nje, umejaa mchanga. Mimi nakata jinzi kwa mkasi, yeye kanishika mkono anataka kuniuliza kitu. Mnadhani aliuliza nini? Mguu wangu utapona? Hapana. Aliniuliza, "Sista, pikipiki iko wapi?" Nikamwambia tulia kwanza. Akasema, "Sista, imebaki miezi miwili iwe yangu."

Mmecheka, halafu mmenyamaza. Mnajua anachosema. Mkataba ni mkataba: unapeleka hesabu, yaani hela ya tajiri, kila siku, mwaka na zaidi, mwisho chombo kinakuwa chako. Yeye alikuwa anapeleka elfu kumi. Mvua ikinyesha, hesabu ipo. Mtoto akiugua, hesabu ipo. Siku ile alitoka saa kumi alfajiri kuwapeleka akina mama wa mboga sokoni, na saa tano usiku alikuwa bado anazunguka kwa sababu imepungua elfu tatu. Hesabuni wenyewe. Saa 19 juu ya pikipiki. Usingizi ulimpitia sekunde chache tu, na mbele yake kulikuwa na lori bovu limeegeshwa gizani bila taa wala kiakisi mwanga, limewekewa majani ya mti nyuma. Majani! Usiku! Nani anayaona majani usiku?

Siku ya tatu tajiri wake akaja wodini. Nilifurahi, nikadhani kamletea matunda. Alikuja kuchukua ufunguo.

Simtaji, na wala sisemi matajiri wote wako hivyo. Najua nanyi mliokaa pale getini mna mikopo inayowasubiri, na pikipiki ikilala ndani benki hailali. Lakini nawauliza: mkataba usio na siku hata moja ya kupumzika kwa wiki, mnategemea uzae nini? Gari la abiria la mikoani likienda mbali linapewa dereva wa pili. Huyu wa pikipiki hana wa pili. Andikeni siku moja kwenye mkataba isiyo na hesabu. Mwenyekiti, wewe unayeshuhudia mikataba hiyo, usiweke sahihi mpaka siku hiyo uione.

Sasa na sisi tupige hesabu yetu. Chukua safari ya kilomita 4. Ukienda mwendo wa 40 utatumia dakika 6. Ukienda 60 utatumia dakika 4. Umeokoa dakika ngapi? Mbili. Kwa safari kumi umeokoa dakika 20. Unazifanyia nini? Nimewaona kijiweni, msinidanganye. Mnacheza drafti.

Upande wa pili: mfupa wa paja ukivunjika, mambo yakienda vizuri kabisa, ni miezi minne hadi sita kabla hujashika kazi. Miezi mitano tu ya elfu kumi kwa siku ni milioni moja na nusu. Hapo sijaweka chuma cha kukufunga, dawa, wala dada yako aliyefunga genge lake aje akuogeshe. Halafu kuna jambo hamwambiwi mnapokata bima. Ile bima ndogo, inayoitwa ya mtu wa tatu, ipo kwa ajili ya yule uliyemuumiza. Wewe dereva mwenyewe haikuhusu. Ukijivunja, umejivunja kwa mfuko wako na wa mama yako.

Haya, tuache hela. Tupande mnazi.

Nani hapa katoka Mafia, au Pangani, au Bagamoyo? Nyie mnaijua minazi. Nikikwambia panda mnazi mrefu, fika juu kwenye makole, kisha jiachie uanguke chali kwenye lami, nikupe buku mbili, utakubali? Unasema hata kwa milioni hukubali. Mbona unakubali kila siku? Ukiwa kwenye mwendo wa 60 ukagonga kitu kisichosogea, mwili wako unapigwa kama umeanguka kutoka mita 14. Huo ndio mnazi wenyewe. Sijaitunga mimi, ni fizikia ya kidato, mwalimu wa shule hii atawapigia ubaoni. Ukienda 30 ni kama umeanguka kutoka juu ya paa. Ukienda 80, na Barabara ya Morogoro hapa, tangu itanuliwe njia nane hadi Kibaha, 80 mnaiona mwendo wa bibi harusi, ni mita 25. Minazi ya kufika mita 25 ni ya kuhesabu.

Jina bodaboda, wenzetu wa Kenya na Uganda wanajua, lilitoka mpakani Busia, na lilikuwa jina la baiskeli. Mtu anabebwa kwenye keria kutoka boda hii mpaka boda ile. Kuanguka kwenye baiskeli iendayo kilomita 15 kwa saa ni sawa na kudondoka kutoka juu ya meza. Unachubuka goti, unajipangusa, unaondoka. Jina tulilipokea, kazi tukaipokea, na hapa kwetu kanuni za kuruhusu pikipiki kubeba abiria kwa biashara zilitoka 2010. Lakini urefu wa kuanguka umebadilika, na sisi tunavaa vilevile kama wa baiskeli. Kandambili, na kichwa kitupu.

Kwa mwendo wa 60 unapita karibu mita 17 kila sekunde. Mtoto akichomoka nyuma ya daladala, mpaka umesema "Mungu wangu", mita 17 zimekwisha na mkono haujagusa breki.

Na hapo kwenye breki niwaulize. Wangapi mnaiogopa breki ya mbele? Semeni kweli. Fundi wangu wa mtaani alinieleza kwamba madereva wengine wanailegeza kabisa kwa sababu waliambiwa itawabinua. Itakubinua ukiikwida ghafla, au umekata kona kwenye mchanga. Lakini barabarani, ukiwa umenyooka, breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kubwa ya kukusimamisha. Ya nyuma peke yake inaburuza tairi tu. Tafuteni uwanja kama huu, asubuhi moja, mjifunze kubana zote mbili pole pole mpaka mkono uzoee. Sina zaidi ya hapo, mimi si mwalimu wa chuo cha ufundi cha VETA.

Sasa helmeti. Kuna wanaosema "elementi", sina ugomvi, hata ukiita sufuria, vaa.

Mwaka fulani tuliletewa dereva na wenzake wanne. Mmoja wao alikuwa ameshika helmeti. Nzuri, nyeusi, mpya, stika bado iko kwenye kioo. Kazi yangu mojawapo ni kuandikisha mali za mgonjwa, kwa hiyo niliipokea, nikaigeuza huku na huku nikitafuta palipopasuka ili niandike. Haikuwa na hata mchubuko. Nzima kama ilivyotoka dukani. Ilikuwa imetundikwa kwenye saiti mira, inamsubiri trafiki.

Ile helmeti ilikaa juu ya kabati langu wiki nzima. Mwenye helmeti alikuwa kitandani, uso umevimba mpaka macho hayaonekani. Alitoka hai, namshukuru Mungu. Lakini miezi mingi baadaye, akija kliniki na mama yake, kila nilipoingia chumbani alinisalimia vizuri sana, kisha akaniuliza kama tumewahi kuonana.

Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja zilionyesha kwamba kwa mwendesha pikipiki aliyepata ajali, helmeti hupunguza uwezekano wa kufa kwa asilimia 42 na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Helmeti iliyovaliwa. Ile ya kwenye saiti mira inalinda saiti mira. Ile ya kwenye kiwiko inalinda kiwiko. Na isiyofungwa mkanda hutangulia kuruka, wewe unaifuata.

Najua mtaniambia abiria ndio wanaokataa. Ni kweli, na mimi ni abiria, acha nitubu kwa niaba yetu. Helmeti ya abiria inanuka. Imevaliwa na watu ishirini tangu asubuhi, wengine wametoka kubeba samaki. Dada katoka saluni kashonea nywele za elfu hamsini, unamwambia vaa hicho. Atavaa? Jamani, hilo si la kushinda kwa kugombana. Kuna vile vikofia vyepesi vya kuogea, ni bei rahisi, akivaa kwanza kisha helmeti juu, nywele zimepona na fangasi hawajahama. Dereva mmoja hapa Kimara anafanya hivyo, na wadada wanampigia simu yeye, wanampita dereva aliye karibu. Helmeti yako ianike juani mchana mnapocheza drafti. Basi.

Na sasa toeni yale maneno mfukoni. "Karibu tu hapo." Mama mmoja alishuka kwenye basi la mwendokasi, mtoto mgongoni, nyumbani kwake mita mia tatu. Alipanda boda kwa sababu ya kiroba cha mchele. Mita mia tatu, nani anavaa helmeti? Dereva akapita kinyume kwenye barabara ya pembeni ili asiende kugeuzia mbali. Nyinyi mnaita kukwepa mzunguko. Bajaji ikatokea. Mtoto hakuumia hata kidogo, alitua juu ya mchele. Mama yake alivunjika nyonga, na alipokuwa kwetu yule mtoto alikuwa anakuja kunyonya wodini, bibi yake anamleta asubuhi na jioni. Anakuja na nini? Na bodaboda. Angekuja na nini kingine?

Ndiyo maana siwezi kuwachukia. Mnatubeba. Mnabeba wajawazito usiku, mnabeba wanafunzi, mnabeba majeneza hata, nimewahi kuona. Shirika la Afya Duniani katika ripoti yake ya 2023 linasema watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani, na kwa walio na umri kati ya miaka 5 na 29, hicho ndicho kinachoua kuliko kingine chochote. Miaka 5 hadi 29. Nikitazama uwanja huu, nani kapita 29? Wachache, na nyie wenye vipara.

La pombe nitalisema kwa ufupi kwa sababu mnalijua. Viroba vya pombe vilipigwa marufuku Machi 2017, wodini kwetu tukashangilia. Vikaja vichupa vidogo vinavyoingia mfukoni vilevile. Kifungashio kilibadilika, harufu ninayoisikia nikikata shati la mgonjwa haijabadilika.

Afande, na wewe mtendaji, msidhani nimewasahau. Afande, vijana hawa wakiniambia kwamba wanakimbia kwa sababu wanakimbizwa, siwezi kuwaambia wanaongopa. Kumkimbiza kijana wa pikipiki kwenye msongamano ili umkamate kwa kosa la helmeti ni kumvunja kichwa ukikilinda. Andika namba ya chombo, mfuate kijiweni, yupo tu, ana mwenyekiti. Mtendaji, lile tuta pale chini kwenye mteremko halina rangi wala alama. Nimepokea watu watatu wa tuta moja. Ndoo moja ya rangi nyeupe ni shilingi ngapi? Na ninyi wenye magari mtakaosikia habari hizi: kabla hujafungua mlango, tazama kioo.

Sasa nifike kwenye lile lililonitoa nyumbani leo. Mengine yote mngeweza kuyasikia redioni.

Mwenzenu akianguka, mnafanya nini?

Nawaambia ninachokiona. Kwanza mnakuja hamsini. Huo umoja wenu naupenda, hata sisi wauguzi hatuna. Lakini kati ya hamsini, arobaini wanamzingira mwenye gari. Wanataka funguo, wanataka kioo kipasuke, wengine wanataka moto. Tisa wanapiga picha. Aliyelala chini kabaki na mmoja, na huyo mmoja anammwagia maji.

Halafu mnambeba. Mnambebaje? Mnamkalisha kwenye pikipiki nyingine, katikati, mmoja mbele na mmoja nyuma anamshikilia. Mshikaki! Mfupa wa paja umekatika, mguu unaning'inia unapiga piga kwenye bomba la moshi, shingo inayumba kama ya kuku. Tulimpokea mmoja hivyo. Waliomleta walisimulia kwamba pale barabarani alikuwa anasukuma miguu yote miwili, anatukana, anataka kuinuka. Alipofika kwetu nilimfinya kidole gumba cha mguu, nikamuuliza unasikia? Akasema, "Umeanza kufinya?"

Uti wa mgongo ulikuwa umeumia, labda kwa ajali, labda njiani. Sitajua. Wale vijana wawili waliomleta walimpenda kuliko mtu yeyote duniani, walikuwa wanalia kwenye korido. Hakuna aliyewahi kuwafundisha.

Kwa hiyo sikilizeni. Mtu akianguka, mmoja azuie magari, mbali, mita hamsini nyuma, awashe taa. Anayetoka damu, kunja kitambaa safi, bana juu ya jeraha kwa kiganja na usiachie kuchungulia. Mfupa uliotoka nje usiurudishe ndani, ufunike tu. Usimpe maji, usimpe soda, huenda anakwenda chumba cha upasuaji. Helmeti usimvue kama anapumua vizuri. Usimwinue mpaka mpate kitu kigumu cha kumlaza: ubao, mlango, benchi la mama lishe. Na PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, isiwapeleke polisi kwanza huku mtu anavuja damu. Mtu mahututi anapelekwa hospitali, mmoja wenu ndiye aende kituoni kuifuata ile karatasi.

Na akishatoka hospitali, au kabla hajafika, atatokea shangazi wa kusema apelekwe kwa mganga wa mifupa. Sibishani na kila mganga, wapo wanaounga vidole vikaungika. Ila nimepokea mguu uliofungwa mianzi ikabana siku sita, vidole vimekuwa vyeusi kama mkaa. Ulikuwa mguu wa kuwekwa chuma na kutembea. Tuliukata. Hapa Dar tuna MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, watu wanaifuata kutoka mikoani siku mbili kwenye basi, nyie mnaipita na abiria kila siku. Kidole kikifa ganzi ndani ya bandeji, kikibadilika rangi, kikiwa baridi: fungua, njoo. Hata kama ni sisi tuliofunga hogo, ile plasta ngumu, fungua, njoo.

Nimeongea sana, na jua limetuhamia. Yaliyobaki hayasemeki, yanafanyika. Mwenyekiti, ule mlango tuliouazima kwa fundi seremala uleteni hapa mbele. Nahitaji mtu mmoja alale chini. Wewe mwenye jezi ya Yanga, njoo. Usiogope, leo nakulaza ukiwa mzima. Wengine wanne, njooni na mashabiki wa Simba humo humo, tuone kama mtamshika vizuri.

Haya. Wewe piga magoti kichwani kwake. Mikono miwili, pande zote za kichwa, kama unashika nazi usiyotaka imwagike. Wewe ndiye unayehesabu, na hawa watatu hawasogei mpaka useme. Kichwa na mgongo vinageuka pamoja, kama gogo. Mbona unacheka? Kijana, wewe umevunjika shingo, tulia. Moja. Mbili. Hapana, umewahi, rudini. Tunaanza upya.